Tamko la Chama cha Wasokotaji na Wafumaji wa Nyuzi za Mgomba wa Kibenga Kuhusu Ununuzi wa Mashina

Sisi wanachama wa chama cha wasokotaji na wafumaji wa nyuzi za mgomba hapa Kibenga, jijini Bujumbura, tunatoa tamko hili kwa wakulima wa Kabezi na Isare, kwa viongozi wa tarafa, na kwa wote wanaopita milimani wakitangaza kwamba kila shina la mgomba sasa ni pesa.

Si kila shina. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu. Mkungu ukishakatwa, shina lililobaki halizai tena, na hilo ndilo tunalolinunua. Mgomba ambao haujazaa hatuununui kwa bei yoyote; mkulima anayeshawishiwa kuukata anauza chakula cha watoto wake. Hata mashina yaliyokwisha kuzaa tunaomba yasichukuliwe yote. Mengine yaachwe yaoze shambani, kwani ndiyo mbolea na unyevu wa machipukizi.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni mnyauko wa bakteria. Majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Ugonjwa huu husafiri kwa panga. Mnunuzi akikata kwa mmoja asubuhi na kwa mwingine mchana, panga ni lile lile, anaweza kumaliza migomba ya mlima mzima huku akidhani analeta neema. Kwa hiyo tumeamua: panga litapitishwa motoni au kuoshwa kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine, shamba lenye dalili halitakanyagwa na wanunuzi wetu, na afisa kilimo ataarifiwa siku hiyo hiyo. Tena, hakuna shina bichi litakaloondoka shambani.

Uamuzi huo wa mwisho una hesabu yake pia. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za shina ni maji. Kilo 100 za shina bichi hutoa singa kavu, yaani nyuzi ambazo hazijasokotwa, kilo 1 au 2 hivi. Kulipakia garini ni kusafirisha maji, wakati wenye magari wenyewe wanapanga foleni ya mafuta. Mashine ndiyo ipande mlimani. Shina hupasuliwa, magome hubanduliwa moja moja na kupitishwa kwenye ngoma yenye meno butu. Nyama na maji hutoka, singa hubaki mkononi. Zioshwe papo hapo na kuanikwa kivulini. Zikilala na utomvu hugeuka kahawia, na aliyewahi kuchafuliwa shati na utomvu wa mgomba anajua kwamba hakuna sabuni ya kulirudisha.

Tunaulizwa kila siku: vitenge lini? Hatutamdanganya mtu. Singa za migomba yetu, ya kupika na ya urwarwa (pombe ya ndizi), ni ngumu. Zinafaa kamba, mikeka, mazulia na mifuko. Kitambaa kitakuja baadaye, kwa kuzichanganya na pamba. Wafumaji wa Kijoka, Okinawa, hutengeneza nguo nyepesi za kuvaa, lakini kwa mgomba wa aina nyingine unaopandwa kwa ajili ya nyuzi. Wenzetu wa kampuni ya TexFad, Uganda, wametengeneza mazulia na nywele za kusukia, na kwa maoni yetu wamefanya busara kushika kinachouzika. Kwetu kinachouzika ni mfuko, hasa baada ya amri ya Agosti 2018 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki.

Tunaiomba Ofisi ya Viwango ya Burundi, BBN, iweke kiwango cha singa ili nzuri isinunuliwe kwa bei ya mbovu. Tunaiomba tarafa itupatie mahali pa kukaushia palipo mbali na ufukwe. Kibenga iliona maji ya Ziwa Tanganyika yalivyopanda mwaka 2021 na 2024, na singa iliyolowa ikavunda haina mnunuzi. Sisi kwa upande wetu tutapima singa kavu mbele ya mkulima na kulipa taslimu, na mama aliyekwangua magome kwa mashine atalipwa mkononi mwake mwenyewe.

Mkulima atakayefuatwa na mtu anayetaka kukata mgomba ambao haujazaa, akidai ametumwa na chama hiki, amkatalie na kumpeleka kwa mkuu wa mlima.