Meno Manne Mazima Yang'olewe?

Tuseme una mtoto wa miaka 12. Meno yake ya mbele yamebanana, moja limepanda juu ya jingine, na chonge imetokeza juu ya ufizi kwa kukosa nafasi. Unampeleka hospitali. Daktari anasema: tung'oe magego madogo manne, mawili ya juu na mawili ya chini, kisha tumfunge nyaya za kupanga meno. Unarudi nyumbani na mashaka. Meno hayo hayana tundu wala hayaumi. Kwa nini yang'olewe?

Mashaka hayo si ujinga. Kwetu Ugogo kung'oa meno mazima ni jambo la zamani. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita huku mwaka 1857 aliona kuwa alama ya Wagogo ilikuwa kukosa meno mawili ya mbele ya chini. Tena tangu miaka ya 1980 wapo wanaochimbua fizi za watoto wachanga, wakidai wanatoa "meno ya plastiki" yanayoleta homa na kuharisha. Wanachotoa ni vichipukizi vya chonge za utotoni. Wapo watoto waliokufa kwa kazi hiyo, na waliopona chonge zao za ukubwani huweza kuharibika au kuota upande. Kwa hiyo mzazi anayeshtuka akisikia neno kung'oa ana sababu.

Lakini mpango wa daktari haufanani na hayo. Taya likiwa dogo na meno makubwa, ni kama miche ya mtama iliyosongamana katika shimo moja: mkulima hupunguza ili mingine ipate nafasi. Tofauti ni moja, na ndiyo ya kuangalia sana. Mtama ukipunguzwa hunyooka wenyewe. Meno ya mtoto wa umri huo hayajipangi vizuri yenyewe. Lazima yavutwe kwa nyaya, polepole, kwa muda wa kama miaka miwili, na mtoto arudi kila baada ya wiki nne hadi nane kukazwa. Nyaya zikitolewa, huvaa kifaa cha kuyashika meno yasirudi yalikotoka.

Sasa hesabu nauli ya kutoka Mpwapwa au Kondoa, safari baada ya safari, hata wakati wa palizi. Ukiishia njiani, mtoto hubaki na mapengo manne na meno yaliyopinda vilevile. Meno ya ukubwani yaliyong'olewa hayaoti tena.

Kwa maoni yangu, usikubali jino la kwanza ling'olewe kabla hujaambiwa nani atafunga nyaya, lini, na gharama yote ni kiasi gani. Omba kuonyeshwa picha ya eksirei ya taya zima. Uliza kama kazi inaweza kufanyika bila kung'oa, maana msongamano mdogo mara nyingi hunyooshwa kwa nyaya peke yake. Uliza pia itakuwaje msipofanya lolote. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Ikiwa mtoto anatafuna vizuri na mswaki unafika kila mahali, kuyaacha meno yake yalivyo nako ni jibu halali. Lakini jino likiuma ufizi wa upande wa pili, au chonge ikikwama ndani ya taya, usikawie.

Mtoto wa miaka 6 au 7 ni habari nyingine. Jino jipya la chini likiota nyuma ya lile la utotoni, wazazi wengi hukimbilia koleo. La utotoni likiwa linalegea, mwache alitikise kwa ulimi. Likitoka, jipya husogea mbele lenyewe. Likikaa miezi bila kulegea, mpeleke kwa daktari wa meno. Magego ya utotoni yaswakiwe yasioze, kwani yakitolewa mapema gego la ukubwani lililo nyuma husogea mbele na kuziba nafasi ya meno yanayokuja. Huko nako msongamano huweza kuanzia.