Tazama Mdomo wa Kalamu, Si Mapambo Yake

Natumaini hamtanicheka nikileta habari za kalamu ya risasi katika gazeti letu. Nimeona fedha nyingi za wazazi zikipotea kwa kitu hiki kidogo, na za baba yangu zimo.

Mwaka jana alinipa fedha ninunue kalamu ya kubonyeza kwa masomo ya michoro ya ufundi. Nikachagua iliyong'aa kuliko zote, yenye rangi ya dhahabu na raba kubwa kichwani. Siku ya mtihani wa majaribio, risasi ilicheza mdomoni kama jino bovu. Mara mstari ulikaribia rula, mara ulijitenga nayo, na mistari iliyopasa kukutana pembeni haikukutana. Alama zikaenda zake. Nilimlaumu mwenye duka, walakini kosa lilikuwa langu: nilinunua mapambo.

Kwa maoni yangu, mnunuzi na aanzie mdomoni. Pawe na kibomba chembamba cha chuma, kilichonyoka, kisichoyumba, urefu wake kama milimita 4, ili kilale sawasawa kwenye ukingo wa rula. Kisha toa risasi kidogo, ugandamize ncha yake kwenye karatasi. Ikirudi ndani, taya zinazoishika ni dhaifu. Iache kalamu hiyo dukani.

Halafu utazame unene. Risasi ya milimita 0.5 yatosha kwa kazi nyingi. Ya 0.3 ni nyembamba sana, nayo huvunjika upesi kwa mwenye mkono mzito. Ya 0.7 yafaa mistari minene. Ugumu nao una maana: 2H kwa mistari ya kutangulia, HB kwa ile ya mwisho. Risasi hii si risasi ya kweli, bali ni grafiti iliyoshikamanishwa kwa utomvu wa plastiki; ile ya kalamu ya mti ndiyo grafiti na udongo, ufundi wa Mfaransa Conté wa mwaka 1795. Katika hiyo ya mti, udongo ukizidi, ugumu huzidi.

Wenzangu wengine husema kalamu bora ni ile ya chuma, kama rotring 600. Ni nzuri kweli, lakini bei yake si ya mwanafunzi. Pentel P205 ni ya plastiki, nyepesi, nayo ina kibomba kirefu cha kulaza kwenye rula. Uzito hauchori mstari. Wengine husema kalamu ya mti na wembe yatosha. Nakubali kwa anayeanza, maana humfundisha subira. Lakini ncha yake hulika, mstari hunenepa, na saa ya mtihani haimngoji mtu achonge.

Jambo moja zaidi: kibomba kikiangukia sakafu ya saruji hupinda, na kalamu imekwisha. Iwekeni katika kasha, wala msiitie mfukoni mdomo ukiwa chini.

Nanyi kaka zetu mliotutangulia, najua wengi wenu siku hizi mnachora kwa kompyuta. Huenda kalamu zenu nzuri zimelala mezani bila kazi. Mkizileta katika chumba chetu cha michoro, kijana asiye na fedha atafanya mtihani kwa chombo cha kweli, wala baba yake hatapoteza kama alivyopoteza wangu.