Ndoo ikimwagika mwezini, dogo utakoma!

Mwenzenu wiki jana maji yalikatika mtaani siku 4, halafu ndoo yangu ya mwisho mdogo wangu kaipiga teke uani. Puu! Nikainua mkono nimnase kibao, akaruka: "Kaka, afadhali sisi, mwezini je?"

Nikacheka, hasira kwisha. Kweli bwana! Mwaka 2020 NASA ya Marekani ilitangaza kuwa shimo la Clavius, tena upande unaopigwa jua, lina maji. Lakini kiasi gani? Mita 1 ya ujazo ya udongo ina kama chupa 1 ya soda. Sahara inaushinda mara 100!

Ndoo ingemwagika kule ingekuwa balaa. Hakuna hewa ya kuyakandamiza maji, kwa hiyo yangechemka palepale huku mengine yakiganda. Jua likipanda, barafu inageuka mvuke bila hata kuyeyuka. Chembe moja moja inaruka kama kiroboto, inatua, inapata joto, inaruka tena. Nyingi huvunjwavunjwa na mwanga wa jua. Zenye bahati huangukia mashimo ya kwenye ncha za mwezi yasiyoona jua kamwe. Baridi huko ni zaidi ya nyuzi 160 chini ya sifuri, zikinasa ndiyo basi, miaka nenda rudi.

Yangu mimi yaliishia kwenye mchicha wa mama mwenye nyumba. Dogo nimemsamehe, ila ndoo ijayo anabeba yeye!