Swali la Mwenye Kusita

Ndugu zetu wa Iringo, na Musoma nzima, tusiwacheke waliosita kuchanjwa chanjo ya Uviko-19. Tangu Mei 2020 Serikali iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa. Januari 2021 Rais Magufuli aliwatahadharisha watu juu ya chanjo za kigeni. Na tarehe 28 Julai mwaka ule ule Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani. Mtu aliyeambiwa jambo na kinyume chake katika miezi sita, asisite vipi? Hapo uvumi ulipata nafasi, hasa ule wa kwamba sindano huua uzazi. Uvumi huo haukuthibitishwa na utafiti wowote. Lakini chanjo ya Johnson & Johnson, iliyoanza kutumika Tanzania Bara, ilikuwa na dhara la kweli, ingawa adimu mno: damu kuganda mishipani. Twaona ni heri vijana waambiwe yote mawili, kwani afichwaye dogo haamini kubwa. Sura ya Al-Hujurat yatuamrisha kuhakikisha habari tuletewazo. Nasi twazisambaza kwa simu kwanza, ndipo tuulize! Basi mama apelekaye mtoto kuchanjwa surua na aende na maswali yake, na muuguzi asimkaripie.