*TAMKO LA TAWI: FAO LA KUKOSA AJIRA NI JASHO LETU, SI SADAKA*

_Jumapili, 21 Juni 2020_



Shule zinafunguliwa Juni 29 na wengi tumeshusha pumzi. Kabla ya kupongezana tuulizane: walimu, wapishi, walinzi na madereva wa shule binafsi wa Korogwe na Handeni wameishije tangu Machi 17? Walimu wa Serikali wamepata mshahara kila mwezi, na ni haki yao. Wa binafsi wengi waliambiwa neno moja tu: "Kaeni nyumbani, tutawaita." Vijana wetu wa hoteli za Arusha na Zanzibar nao wako kwa wazazi wao, maana watalii hawaji.

Nchi hii ina sheria ya kumshika mkono mtu wa namna hiyo. Mwaka 2018 fao la kujitoa liliondolewa, tukaletewa fao la kukosa ajira. Tuliambiwa: msichukue akiba yote kazi ikiisha, fao hili litawavusha. Tuliahidiwa mwavuli. Mvua imenyesha, mwavuli uko wapi?

*FAO LENYEWE*

Aliyechangia miezi 18 au zaidi, hakuacha kazi kwa hiari yake na hajafikisha miaka 55, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6.

Tupige hesabu. Mshahara Sh 300,000. Michango NSSF ni asilimia 20, yaani Sh 60,000 kwa mwezi. Kwa miezi 18 ni Sh 1,080,000. Fao ni kama Sh 100,000 kwa mwezi, kwa miezi 6 ni Sh 600,000. Hiyo ni michango ya miezi 10 tu. Kwa hiyo anayesema wafanyakazi wanataka vya bure, mwonyesheni hesabu hii.

*MLANGO UMEZIBWA WAPI*

1. *"Kaeni nyumbani" haihesabiki.* Fao ni la aliyeachishwa kazi. Mwalimu aliyewekwa nyumbani bila mshahara hana barua ya kuachishwa, kwa hiyo kwenye karatasi yuko kazini. Mfukoni hana kitu. Mwajiri hamlipi kwa sababu hakuna kazi, mfuko haumlipi kwa sababu ana kazi! Afrika Kusini waliliona hili mapema: mwaka 2020 mfuko wao wa bima ya wasio na kazi uliwalipa hata ambao hawakuachishwa, ilimradi kazi zilisimama kwa sababu ya corona.

2. *Makato hayafiki.* Wapo wanaokatwa kila mwezi, slipu inaonyesha, lakini wakiuliza NSSF wanakuta miezi mitupu. Sheria inamtaka mwajiri apeleke michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha. Anayekata na kubaki nayo amechukua mali ya mtu. Anayeadhibiwa mwishoni ni mfanyakazi, kwa kuwa miezi 18 haitimii.

3. *Kibarua hayumo.* Mkata mkonge wa Ngombezi, Magunga au Kabuku anayelipwa kwa kipande, miaka nenda rudi bila mkataba wala namba ya NSSF, kwake fao hili ni hadithi.

4. *Asilimia isiyo na sakafu.* Mwaka 2020 kima cha chini cha mfanyakazi wa shambani kilikuwa Sh 100,000. Asilimia 33.3 ni Sh 33,300, sawa na Sh 1,110 kwa siku. Ninyi mnaokwenda dukani kila siku mnajua hiyo ni unga wa watu wangapi.

*KWA WANAOSEMA "MFUKO UTAFILISIKA"*

Hoja hii tumeisikia hata ndani ya chama. Mfuko haufilisishwi na mwalimu aliyechangia miaka mitano akadai miezi sita. Unadhoofishwa na waajiri wasiopeleka michango. Wakabwe hao kwanza.

Wengine wanasema nchi haikufungwa, hivyo hakuna aliyepoteza kazi. Shule zilifungwa kwa agizo la Serikali, na kwa sababu nzuri, kulinda watoto wetu. Lakini gharama ya kulinda watoto wa wote haiwezi kubebwa na mwalimu wa shule binafsi peke yake.

*TUNADAI*

a) Aliyewekwa nyumbani bila mshahara kwa sababu ya ugonjwa huu ahesabiwe amekosa ajira kwa kipindi hicho.

b) Mfanyakazi mwenye slipu zinazoonyesha makato alipwe, na mfuko umdai mwajiri wake. Asitumwe yeye kumfukuza bosi.

c) Maofisa wa mfuko wafike Mkata, Kabuku, Magoma na Bungu kwa siku zinazotangazwa. Asiye na mshahara hana nauli ya kufuatilia faili mara tatu.

d) Fao liwe na kiwango cha chini kwa wa mshahara mdogo, na vibarua wa mashambani waandikishwe.

Madai haya tunayapeleka wilayani kwa maandishi, yafike hadi Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia kazi na ajira.

*KILA MMOJA AFANYE HAYA WIKI HII*

✅ Omba taarifa ya michango yako NSSF, uilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi.

✅ Ukiachishwa, dai barua na cheti cha utumishi. Uliyetimiza mwaka una kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Hukipati, kwa mfano, ulipoachishwa kwa kosa.

✅ Ukiona umeonewa, una *siku 30* tu kupeleka shauri la kuachishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Usikae ukisubiri bosi apoe.

✅ Usisaini barua ya kuacha kazi "kwa hiari" kwa kuahidiwa kurudishwa. Saini hiyo inafuta fao lako.

Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi nipo ofisi ya tawi. Njooni na slipu zenu, tutapiga hesabu na kuandika barua pamoja. Ambaye si mwanachama naye aje. Njaa haiulizi kadi.

Sambaza kwa wenye shida hii.

_Katibu wa Tawi_