Uwanja wa Kauffman uachwe ulipo

Mhariri,

Wanaotaka timu ya besiboli ya Royals ihame uwanja wa Kauffman, hapa Kansas City, wanadai zege lake limechakaa. Ulifunguliwa 1973. Mbona uwanja wa Fenway wa Boston, wa 1912, unachezewa hadi leo?

Aprili 2024, wapiga kura wa Kaunti ya Jackson tulikataa kodi ya mauzo ya miaka 40 ya kugharimia viwanja, ukiwemo mpya katikati ya mji. Kodi ya mauzo hukatwa hata kwenye unga na maziwa. Huilipa hata bibi asiyejua besiboli ni nini. Tajiri mwenye timu atoe mfukoni mwake.

Kweli, Kauffman umezungukwa na maegesho na barabara kuu, na asiye na gari hufika kwa taabu. Basi waongeze mabasi siku za mechi.

Msomaji,
Kansas City, Missouri