"Chemsheni" si jibu: tupeni namba ya maji yetu

Vijana wenzetu wa Goma, kila mara tukiuliza kama maji ya kartie iko muzuri, tunajibiwa neno moja: "Chemsheni." Tumechoka na jibu hilo, na leo tunaonyesha sababu kwa hesabu. Wengine kati yetu tulisoma kemia. Diploma ziko kwenye sanduku, zinangoja kazi. Basi zifanye hii kwanza.

Moshi wa Nyiragongo uko na fluori ndani. Mvua inaishika, inaishusha kwenye mabati, na pale chini kila mama ametega bidoni. OMS inasema maji ya kunywa isipite ppm 1.5 ya fluori. Na ppm njo nini? Ni sehemu moja ndani ya milioni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ni kusema miligramu milioni moja. Kwa hiyo ppm 1 ni miligramu 1 ndani ya lita 1. Gawanya miligramu kwa lita, basi. Labo ikikuta miligramu 0.3 ndani ya mililita 100, yaani lita 0.1, hiyo ni ppm 3: mara mbili ya kipimo.

Sasa tuchemshe. Sufuria ya lita 2 yenye ppm 1.5 iko na miligramu 3. Mikrobe zinakufa, ni kweli, na kolera si mchezo: musiache kuchemsha! Lakini fluori haiondoki na mvuke. Maji ikibaki lita 1.5, miligramu ni zile zile 3, na tayari ni ppm 2. Tumepita kipimo kwa makala yetu wenyewe.

Mwenye kuumia ni mtoto mwenye meno ya ukubwa ingali inajiunda ndani ya ufizi. Ikitoka na madoa ya kahawia, brosi haitoshi kuiondoa. Kati yetu kuko wenye kufunika mudomo wakicheka, hata wakienda kuomba kazi.

Tunadai hivi: kwenye kila robine ya watu wote na kila siterne ya shule, karatasi ibandikwe yenye tarehe, mahali maji ilichotwa, na ppm ya fluori. "Muzuri" haiko namba. Chupa za kuchota tutabeba sisi, wandugu. Labo walipe wao.